Modemu ya bei nafuu kwa anayetumia Linux: ya kutazama kabla hujalipa

Kila ninapomsaidia mtu kuhama kutoka Windows kwenda Ubuntu au Linux Mint, swali linalomtia wasiwasi kuliko yote ni kama modemu yake itakubali. Nyaraka za zamani hazimsumbui sana, wala printa. Wasiwasi huo una msingi, kwa sababu kwa wengi wetu hapa Tanzania, ambao nyaya za faibaa hazijafika mtaani, au zimefika lakini malipo yake ya kila mwezi hayalingani na kipato, kifaa kidogo cha USB chenye laini ndani yake ndiyo njia pekee ya kompyuta kufika kwenye intaneti. Na mfumo mpya usio na intaneti hauwezi hata kupakua kile kinachohitajika ili uipate hiyo intaneti. Muuzaji naye huongeza hofu anaposema kwamba kifaa fulani ni cha Windows tu, kauli ambayo huitoa kwa nia njema, maana ndivyo boksi linavyosema.

Ninavyoona mimi, modemu nyingi za bei ya chini zinazopatikana katika maduka yetu hufanya kazi na Linux bila taabu, na zile zinazosumbua husumbua kwa sababu zinazoweza kujulikana kabla ya kutoa fedha. Mnunuzi anatakiwa asome namba kamili ya modeli iliyo kwenye lebo, ajue modemu hiyo hujitambulisha vipi mbele ya kompyuta, na ajue inashika masafa gani. Kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi ni jambo la mwisho kabisa kutazama.

Tuanze na hilo la boksi kutaja Windows. Modemu za USB zilipoanza kuenea, enzi za Huawei E220 iliyoingia sokoni mwaka 2006, watengenezaji hawakutaka kumpa mteja diski ya CD ambayo angeipoteza, wakaiweka programu yao ndani ya modemu yenyewe. Unapoichomeka kwa mara ya kwanza, modemu ya aina hiyo hujitambulisha kuwa kisomeo cha CD chenye diski ndani yake, na katika diski hiyo ya kubuni mna programu ya kusakinisha kwenye Windows. Programu ikishasakinishwa huipelekea modemu ishara maalumu, nayo huacha kujifanya CD na kuwa modemu. Linux ilipokutana na kifaa cha namna hii ilikifungua kama CD, kwa kuwa ndivyo kilivyojitaja, na mtumiaji akabaki akitazama faili za Windows zisizomfaa kwa lolote. Sifa mbaya ya Linux na modemu ilianzia hapo, na imedumu kuliko tatizo lenyewe.

Tatizo lilishapata dawa miaka mingi iliyopita. Josua Dietze aliandika programu iitwayo usb_modeswitch, ambayo kazi yake yote ni kuipelekea modemu ishara ileile ambayo programu ya Windows ingeituma. Inaambatana na orodha ndefu ya vifaa vinavyojulikana, inayohifadhiwa katika pakiti ya pili iitwayo usb-modeswitch-data, na matoleo ya kawaida ya Ubuntu na Mint huja nazo zote mbili, kwa hiyo mtumiaji haoni chochote isipokuwa kwamba modemu imekubali. Ikishageuka, kiini cha Linux (kernel) huikabidhi kwa draiva inayofaa, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa. Draiva mojawapo kongwe inaitwa option, jina la kampuni ya Ubelgiji ambayo kadi zake ndizo zilizofanya draiva hiyo iandikwe. Leo orodha iliyo ndani yake imejaa vifaa vya Huawei, ZTE na wengine wengi, lakini jina halijabadilika.

Kuna jambo ambalo ningependa lieleweke mapema. Baadhi ya modemu zina, ndani ya ile CD ya kubuni, folda iliyoandikwa Linux, na watu huifurahia wakidhani ndiyo tiba. Ushauri wangu ni kuiacha. Programu zilizomo mara nyingi ni za zamani sana, ziliandikwa kwa ajili ya matoleo ambayo hayapo tena, na huingilia kazi ambayo mfumo wenyewe unaifanya vizuri zaidi.

Ili kujua modemu iliyo mkononi mwako imefika wapi katika safari hiyo ya kugeuka, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike amri lsusb. Utaona orodha ya vifaa, kila kimoja na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji: 12d1 ni Huawei na 19d2 ni ZTE. Namba ya pili hubadilika modemu inapogeuka. Kwa mfano, Huawei E3372 ya aina nitakayoieleza hapa chini huonekana kama 12d1:1f01 ikiwa bado inajifanya CD, kisha huwa 12d1:14dc ikishakuwa tayari kwa kazi. Ukiona namba haibadiliki hata baada ya kusubiri, shida iko kwenye kugeuza. Ikibadilika na intaneti bado haipo, shida iko mbele zaidi, pengine kwenye laini au mipangilio ya mtandao. Kuitambua tofauti hii kunaokoa muda mwingi wa kuhangaika.

Baada ya hapo modemu za USB hugawanyika katika koo mbili kubwa, na uchaguzi kati yake ndio ninaouona kuwa na uzito kuliko uchaguzi wa kampuni.

Ukoo wa kwanza ni wa modemu zinazopiga simu. Hizi huonekana kwenye Linux kama milango ya mawasiliano iitwayo ttyUSB0, ttyUSB1 na kuendelea, na kompyuta huongea nazo kwa amri fupi za AT, lugha ileile iliyotumiwa na modemu za simu za mezani. Huawei E173, E1550 na ZTE MF190 ni za ukoo huu, na ndizo zinazojaza makasha ya vifaa vilivyotumika. Programu ya ModemManager huzitambua, na NetworkManager, inayosimamia miunganisho ya mtandao, hukuuliza nchi na kampuni ya simu ili iweke mipangilio yenyewe kutoka katika orodha yake. Orodha isipofaa, utaandika kwa mkono: kwa Safaricom ya Kenya jina la lango (APN) ni safaricom, jina la mtumiaji ni saf na nywila ni data, ilhali hapa Tanzania mara nyingi neno internet linatosha bila jina la mtumiaji wala nywila. Modemu hizi ni za 3G, na zile nilizozitaja hazizidi megabiti 7.2 kwa sekunde kwenye karatasi, kiwango ambacho hutakiona katika maisha ya kawaida. Kwa barua pepe, kusoma magazeti na kutuma maombi ya kazi zinatosha. Kwa mikutano ya video zitakuchosha. Jambo moja la kuvumilia ni kwamba ModemManager huchukua muda kuzichunguza, nusu dakika hivi, na wengi huzichomoa kabla uchunguzi haujaisha wakidhani zimekataa.

Ukoo wa pili ni wa modemu ambazo zenyewe ni ruta ndogo. Huawei huziita HiLink. Modemu ya aina hii haisubiri kompyuta ipige simu. Ikipata umeme tu inajiunga na mtandao wa simu yenyewe, kisha inajitambulisha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao ya waya. Linux inazo draiva za kadi kama hizo tangu zamani, na inayotumika hapa, cdc_ether, imo ndani ya kiini cha karibu kila toleo utakalolikuta. Hakuna mipangilio ya kuandika kwenye kompyuta: mipangilio yote imo ndani ya modemu, na unaifikia kwa kuandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari kwa vifaa vya Huawei, au 192.168.0.1 kwa vifaa vya ZTE kama MF823. Ukihamisha modemu hiyo kwenda kompyuta nyingine, hata Raspberry Pi, inafanya kazi vilevile bila kuanza upya.

Mimi huwashauri watu wachukue ukoo wa pili kila fedha inaporuhusu. Kasoro zake zipo. Kompyuta inakuwa nyuma ya ruta, kwa hiyo mtu aliye nje hawezi kuifikia moja kwa moja. Lakini kampuni zetu za simu nazo kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo kasoro hiyo ungekuwa nayo hata bila HiLink. Kasoro nyingine ni kwamba huwezi kuipa modemu amri za AT kwa urahisi, na anayetaka kutuma jumbe nyingi kwa programu yake mwenyewe, kama wanavyofanya wenye huduma ndogo za kuwakumbusha wateja, atafaidika zaidi na E173 ya zamani. Kwa mtumiaji wa nyumbani hayo hayamhusu. Kinachomhusu ni kwamba kifaa hakitegemei programu ya mtengenezaji wala uchunguzi wa ModemManager, na kwamba kitaendelea kukubali hata atakapohamia toleo jipya la mfumo.

Kati ya koo hizi mbili kuna modemu zinazotumia njia nyingine, zinazoendeshwa na draiva za qmi_wwan na cdc_mbim, ambazo ziliingia kwenye kiini cha Linux katika matoleo ya 3.4 ya mwaka 2012 na 3.8 ya mwaka 2013. Utazikuta zaidi ndani ya kompyuta mpakato zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai. Ukinunua ThinkPad ya aina ya X220 au T420, toa betri utazame: mara nyingi kuna tundu la laini. Tundu peke yake halithibitishi kwamba kadi ya modemu imo ndani, na hilo ni la kuuliza kabla, kwa sababu kompyuta hizo hukataa kuwaka ikiwa utaweka kadi ambayo haimo katika orodha ya Lenovo. Ikiwa kadi imo tayari, umepata modemu ambayo hukuilipia.

Sasa masafa, ambayo ndiyo sehemu inayowagharimu watu fedha zaidi, na ambayo haina uhusiano wowote na Linux ingawa Linux ndiyo hulaumiwa. Simu za 3G katika nchi zetu hutumia megahezi 900 na 2100, na modemu nyingi za 3G zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya au Afrika zinashika walau 2100. Kwenye 4G mambo hutawanyika. Kuna masafa ya 1800, yanayoitwa bendi ya 3. Kuna ya 800, bendi ya 20. Kuna ya 700, bendi ya 28. Na kuna ya 2300, bendi ya 40. Safaricom, kwa mfano, imejenga 4G yake juu ya 800 na 1800. Hapa Tanzania kampuni hazilingani: mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018, Vodacom ikiwa miongoni mwa washindi, na mwaka 2022 ikafanya mnada mwingine mkubwa zaidi wa masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500. Masafa ya chini kama 700 na 800 ndiyo yanayofika mbali na kupenya kuta, kwa hiyo mtu anayeishi pembeni ya mji au kijijini anayahitaji kuliko anayeishi Posta, katikati ya Dar es Salaam.

Hapo ndipo namba kamili ya modeli inapokuwa na maana. Huawei E3372 ni modemu ya 4G inayosifiwa na watumiaji wa Linux dunia nzima, na kwa haki: ni ndogo, ina matundu mawili ya antena ya nje, na kikomo chake ni megabiti 150 kwa sekunde. Lakini E3372 si kifaa kimoja. E3372h-153 inashika bendi za 1, 3, 7, 8 na 20. E3372h-607 inashika 1, 3, 7, 8, 28 na 40. Kwa nje zinafanana, bei zinafanana, na muuzaji ataziita zote E3372. Anayeishi mahali ambapo mnara wa kampuni yake unatoa 4G kwa bendi ya 20 akipewa ya 607, atabaki kwenye 3G huku akiwa amelipia 4G, na anayehitaji bendi ya 28 akipewa ya 153 yatamkuta hayohayo. Tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo, mara nyingi chini ya kifuniko mahali laini inapoingia. Kifungue.

Kujua mnara wa karibu nawe unatumia bendi gani ni rahisi kuliko inavyosikika. Chukua simu ya Android yenye 4G, weka laini ya kampuni unayokusudia kuitumia, sakinisha programu ya kuchunguza minara kama NetMonster, kisha tembea nayo ndani ya nyumba, hasa pale kompyuta itakapokaa. Programu itaonyesha namba ya bendi. Fanya hivyo kwa kila laini uliyonayo, kwa sababu mara nyingine kampuni yenye bando la bei ndogo ndiyo yenye mnara dhaifu mtaani kwenu, na bei ndogo ya bando lisilofunguka ni hasara.

Kuhusu kununua iliyotumika, sina pingamizi hata kidogo. Modemu haina vitu vingi vya kuchakaa, na katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kama ilivyo kwa Luthuli Avenue kule Nairobi, mtu mwenye subira hupata kifaa kizuri kwa sehemu ndogo ya bei ya kipya. Ziepuke kabisa modemu za CDMA, zile zilizotumika zamani na TTCL na Zantel, kwa sababu teknolojia hiyo kampuni zetu ziliiacha na hakuna fundi atakayeirudisha. Zaidi ya hapo kuna mambo mawili ya kukagua.

La kwanza ni kufungwa. Modemu zinazouzwa na kampuni za simu zenyewe mara nyingi hufungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine, na neno la muuzaji kwamba "hii inasoma laini zote" lithibitishwe palepale kwa kuweka laini tofauti na nembo iliyo juu ya kifaa. Kwa modemu za Huawei zinazopiga simu kuna njia ya uhakika zaidi: ukiongea nayo kupitia mlango wa ttyUSB na kuipa amri ya AT^CARDLOCK?, itajibu kwa namba tatu. Ya kwanza ikiwa 1 imefungwa, ikiwa 2 imefunguliwa. Ya pili ni idadi ya majaribio ya msimbo yaliyosalia, na kwa kawaida huanza na 10. Ukikuta modemu iliyofungwa na majaribio yamekwisha, ujue wengine walishahangaika nayo kabla yako, na bei yake iwe ya kutupa au uiache.

La pili ni IMEI. Watu husahau kwamba modemu ina namba ya IMEI, yaani namba ya kuitambulisha, kama simu ilivyo nayo. TCRA ilipozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, wengi walijifunza kwa uchungu maana ya namba hiyo, na namba ya modemu inaweza kukaguliwa vilevile kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Linganisha namba iliyo kwenye lebo na ile inayoonekana ndani ya ukurasa wa mipangilio. Zikitofautiana, kuna mtu aliyeichezea. Wapo mafundi ambao, wakati wa kubadili programu ya ndani ya modemu, hubadilisha na IMEI. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalitaja hilo kuwa kosa la jinai, na hakuna punguzo la bei linalostahili kukuingiza humo.

Naomba niseme pia neno kuhusu njia mbili mbadala, kwa kuwa anayetafuta unafuu hapaswi kununua kifaa ambacho tayari anacho. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, kisha ukawasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB kwenye mipangilio yake, inaonekana kwenye Linux kama kadi ya mtandao, na Linux haihitaji kuongezewa chochote. Simu hata huchaji wakati huohuo. Kwa mtu anayetumia kompyuta saa mbili tatu kwa siku, hii ndiyo modemu ya bei nafuu kuliko zote, na ni njia nzuri ya kuingia kwenye intaneti siku ya kwanza ya kusakinisha mfumo. Udhaifu wake ni joto na betri kwa anayefanya kazi kutwa, na kwamba mwenye simu akitoka, intaneti imetoka naye.

Njia ya pili ni MiFi, kile kiruta kidogo chenye betri kinachogawa Wi-Fi. Hakijali kompyuta inaendeshwa na mfumo gani, watu kadhaa wanakitumia pamoja, na umeme ukikatika kinaendelea. Bei yake huwa juu kidogo ya modemu ya USB. Tahadhari ni kwamba kinahitaji Wi-Fi ya kompyuta iwe inafanya kazi, na baadhi ya kompyuta za zamani zenye chipu za Broadcom hazina Wi-Fi mpaka zipakue programu ya chipu hiyo kutoka kwenye intaneti. Debian kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023 inaweka programu nyingi za ndani za vifaa kwenye diski rasmi ya kusakinishia, jambo lililopunguza mzunguko huo, ingawa chipu chache za Broadcom bado zinahitaji kupakua. Kwa kompyuta kama hiyo, anza na simu na waya wa USB, kisha hamia MiFi.

Jaribio la dukani ni jepesi na wauzaji wengi hawakatai ukiomba kwa adabu. Nenda na kompyuta yako, laini yenye bando, na flashi yenye Ubuntu au Mint inayoweza kuwashwa moja kwa moja bila kusakinishwa. Washa kutoka kwenye flashi hiyo hata kama kompyuta yako tayari ina Linux, kwa sababu utakuwa unajaribu mfumo safi usio na marekebisho yoyote, na modemu ikikubali hapo itakubali popote. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyio cha USB: modemu hizi huvuta umeme mwingi zinapotafuta mnara, na mlango wa USB 2.0 unatakiwa kutoa miliampea 500 tu, hivyo kigawanyio cha bei rahisi huifanya modemu nzuri ionekane mbovu. Nyumbani, waya mfupi wa kurefusha USB unaoipeleka modemu dirishani utakusaidia kuliko kununua modemu ya kasi kubwa zaidi.

Limebaki jambo la bando, ambalo sijaliona likitajwa sana ilhali ndilo gharama kubwa ya modemu yoyote. Nilisema kwamba HiLink hujitambulisha kama kadi ya mtandao ya waya. NetworkManager ikiona waya, inadhani uko kwenye intaneti isiyopimwa, na Ubuntu itapakua masasisho kwa uhuru wote. Programu za snap, aina ya pakiti zinazokuja na Ubuntu, peke yake hutafuta masasisho mara nne kwa siku. Modemu inayopiga simu haidhaniwi hivyo, kwa kuwa mfumo unajua ni mtandao wa simu unaopimwa, na simu ya Android nayo hutoa taarifa kwamba intaneti yake inapimwa. Kwa HiLink ni lazima uuambie mfumo mwenyewe. Andika nmcli connection show ili kuona jina la muunganisho, kisha nmcli connection modify, jina hilo ndani ya alama za kunukuu, na mwisho connection.metered yes, zima muunganisho uuwashe tena. Masasisho ya usalama yanayojisakinisha yenyewe kwenye Ubuntu huiheshimu alama hiyo ya kupimwa bila kuambiwa zaidi. Kwa snap, hata kama hutumii HiLink, ongeza amri ya sudo snap set system refresh.metered=hold. Mint haiji na snap tangu toleo la 20, na kidhibiti chake cha masasisho kwa kawaida hukusubiri uamue, kwa hiyo kwa mwenye bando dogo la wiki ningempa Mint.

Salio na kujiunga na bando utafanya kwa urahisi zaidi ukiitoa laini na kuiweka kwenye simu, ukapiga *149*01# kwa Vodacom au *544# kwa Safaricom, kisha ukairudisha. Anayechoka na kuitoatoa laini anaweza kutumia programu ya Modem Manager GUI kwa modemu zinazopiga simu, nayo hutuma misimbo hiyo na kusoma jumbe. Kwa HiLink jumbe husomwa kwenye ukurasa wa 192.168.8.1, na kama ukurasa huo una sehemu ya USSD, yaani ya kupiga misimbo kama hiyo ya *149*01#, au hauna, hilo hutegemea kampuni iliyoagiza modemu hiyo, kwa hiyo ufungue ukurasa huo na uutazame palepale dukani wakati laini yako bado imo ndani.